Pijo Lililolia Mlimani kwa Nyanjige

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake si ngumu: anayekutafuna hatoki mbali, yuko palepale ulipojifunika, nawe unahangaika kumsaka kwa jirani. Fundi Kasmiri wa Bariadi aliijua methali hii tangu darasa la nne. Aliijua kama kasuku, na ujuzi wa kasuku haujawahi kumwokoa mtu.

Mwaka ule watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua pamba kwa mara ya kwanza, na kila mwenye mzani alitafuta gari. Luhaga, mnunuzi wa pamba, akalifufua Pijo 404, pikapu kuukuu lililolala miaka kumi na miwili nyuma ya ghala, kuku wakitagia ndani ya boneti. Kasmiri akaifungua injini yake, akabadilisha ringi na beringi kwa vipuri vya Mwanza, akaifunga upya kwa siku tisa. Vumbi la kiangazi halikuwa na adabu, kwa hiyo alifanya kama mafundi wa huko wafanyavyo: kila tundu la injini aliliziba kwa bonge la pamba. Matambara yalinunuliwa, pamba ilikuwa ya bure. Mifuko ya ovaroli yake ilitutumka pamba mchana kutwa. Alipewa na Nyanjige, mjane aliyeishi peke yake juu ya kilima kinachoanzia kwenye gereji ya Kasmiri, ambaye aliichambua kwa vidole hata isibaki mbegu. Mama huyo ndiye aliyemlisha Kasmiri michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, na maziwa ya mgando alipokuwa mwanagenzi asiye na mbele wala nyuma.

Siku Pijo lilipowaka, watu walipiga vigelegele. Lakini lilipopanda kilima na kufika kwa Nyanjige, likalia. Haukuwa mlio wa chuma. Ulikuwa mluzi mwembamba, mrefu, kama wa mtu anayeomboleza chumba cha pili. Lilipozimwa halikunyamaza mara moja. Lilishusha pumzi ndefu kwanza. Kisha oili nyeusi ikaanza kudondoka mbele ya mlango wa mjane, tone kwa tone, hadi ikafanya dimbwi.

Kasmiri akabadilisha sili ya nyuma, mpira unaozuia oili isitoke. Barabara ya tambarare gari likatulia kama maji mtungini. Mlimani likalia, likavuja palepale. Akabadilisha gasketi ya sampo, bakuli la oili chini ya injini. Likavuja palepale. Ng'ombe waliopitishwa njia ile walinusa lile dimbwi, wakarudi nyuma, na wachungaji wakatazamana.

"Fundi, injini ina nini?" Luhaga aliuliza mbele ya watu. Msimu ulikuwa unayoyoma.

Kasmiri aliona aibu, na aibu ya fundi ina ulimi mrefu. "Injini nimeifunga kwa mikono hii. Haina kosa. Kosa liko kule mlimani."

Lo, neno hilo! Katika nchi ile, kumtupia neno kama hilo mwanamke mzee ambaye macho yamemwiva kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe si mchezo: ni kumwita mchawi. Kabla jua halijatua wasichana wa maji walikuwa wamebadilisha njia. Kesho yake hakuna aliyemuuzia Nyanjige chumvi. Alhamisi likatoka tangazo la wazee: Jumamosi asubuhi Nyanjige aje mbele ya watu ajieleze. Wako waliowahi kuitwa kwenye mikutano ya namna hiyo ambao hawakuonekana tena, na hakuna aliyeuliza. Kasmiri alilijua hilo.

Ijumaa mchana aliiosha injini kwa mafuta ya taa, akaipaka unga wa muhogo ikawa nyeupe pe, ili oili ikitoka ionekane ilikoanzia. Akapanda kilima peke yake. Mluzi ukaanza. Mlangoni kwa mjane akasimama, akaiacha injini ikinguruma, akafungua boneti.

Hapakuwa na upepo. Mbele ya macho yake kijiti cha kupimia oili kikaanza kupanda chenyewe kutoka tunduni, polepole, kama kidole cha mtu anayefukuliwa. Kikasimama. Kikapanda tena. Nywele zilimsimama Kasmiri, na miguu ikamwambia kimbia.

"Mwadila, ng'wanawane," sauti ikamsalimu kwa Kisukuma nyuma yake, ikimwita mwanangu.

Aliruka nusura aangukie fenda. Alikuwa Nyanjige, na mkono wake umeshika kifua.

"Mwadila, mayu," Kasmiri akamwitikia mama yule. Hakuwa amemsalimu juma zima.

Mama yule hakumtazama. Aliinamisha kichwa akasikiliza gari, kama mtu anayesikiliza mgonjwa. "Linalia kama kifua changu," alisema. "Kikinibana nalia hivyohivyo. Hilo halijarogwa, mwanangu. Limezibwa pua."

Kasmiri akatazama tena. Unga ulikuwa umelowa mahali patatu kwa pamoja: kwenye kijiti, kwenye kifuniko cha juu, kule nyuma kwenye sili mpya. Pakivuja mahali pamoja, pameharibika hapo. Pakivuja patatu kwa mpigo, kuna kinachosukuma kutoka ndani. Na injini nayo hupumua. Ina bomba lake. Akaizima, akachukua waya, akauingiza katika bomba la kupumulia. Kitu laini kikagoma. Akavuta kwa nguvu, na bonge jeusi likatoka, limelowa chepechepe, mithili ya panya aliyezama.

Alilipasua. Ndani ilikuwa pamba nyeupe, isiyo na mbegu hata moja. Akatia mkono mfukoni mwa ovaroli, akatoa nyingine. Zilikuwa sawa.

Alikaa chini. Angeweza kulitupa nyasini, aseme amebadilisha sili nyingine. Kilima kingebaki na hatia. Angeweza kulionyesha tu. Lakini pamba ile Bariadi nzima iliijua ni ya nani, na wangesema mchawi ndiye aliyeipachika. Kilichoweza kumwokoa mama yule kilikuwa kinywa cha Kasmiri mwenyewe tu, na kingeondoka na jina lake lote la ufundi.

Jumamosi alisimama mbele ya watu, bonge mkononi.

"Pamba hiyo ya nani?" Luhaga alifoka.

"Pamba ni ya mayu. Mkono ni wangu. Niliziba bomba mimi, nikasahau mimi. Mlimani lililia kwa sababu ndipo linapotumia nguvu, basi."

"Siku tisa za kufunga injini, fundi!" Luhaga alisema. "Nusura tuue mtu." Watu wakaondoka mmoja mmoja bila kutazamana, na hadi leo wengi wao hudai hawakuwapo.

Nyanjige alibaki. "Wabeja, ng'wanawane," alishukuru. "Umeniokoa. Lakini neno la kwanza lilisemwa na nani?"

Kasmiri aliliinamia bonge lililokuwa mkononi.

"Nilikuwa namtafuta adui yangu kwa Luhaga, nikamtafuta kwa majirani. Kumbe nilikuwa namnywesha maziwa," mama yule alisema.

Akapanda kilima taratibu, akafunga mlango. Pijo lilipita pale msimu mzima bila kulia wala kudondosha tone, ila pamba ya bure haikushuka tena gereji. Na Kasmiri, kila anapomaliza kufunga injini, hupindua mifuko yake nje kwanza ndipo anyanyue macho kumtazama mtu. Maana kikulacho ki nguoni mwako.