Mgeni Aliyemjua Mbuzi

"Komeo halimjui mgeni wa mtoto." Mmeisikia sasa hivi mkacheka, mkauliza tangu lini komeo likawa na macho. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Bibi Nyamizi wa Tabora alimlea mjukuu wake, Kabula, wa darasa la tano. Mama wa mtoto, Sizya, alikuwa kazini Mwanza, akawaachia simu ya kusalimiana. Kwa Nyamizi huingii bila hodi. Hata jirani wa kuomba chumvi alisimama nje ya geti mpaka aitikiwe karibu. Watoto wa wenzake wakizurura, yeye alijisifu, "Wangu yuko ndani, ametulia na simu yake."

Siku moja ya kwenda kliniki magoti yalimkataa Nyamizi, akabaki nyumbani. Hodi ikabishwa. Alikuwa mwanamume mwenye ndevu, naye mgeni huyo alishtuka kumkuta Bibi nyumbani.

"Shikamoo Bibi. Dada Sizya kanituma nimchukue Kabula."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wa humuhumu, Bibi! Magoti hayajambo? Kabula bado anakataa uji? Na yule mbuzi mchanga, Malkia?"

Nyamizi akachanganyikiwa. Ndugu huyu? Kamsahau? Aibu ikamshika, kumwacha ndugu nje kama mwizi. Mkono ukafika kwenye komeo. Mara Malkia akalia bandani, mkono ukaganda. Mbuzi yule alizaliwa juzi tu, na Kabula alikuwa amemfichia mama yake, amshangaze akija likizo.

"Habari za mbuzi kakupa Sizya?"

"Ndiye, Bibi."

"Basi ngoja nimpigie, tumsalimie sote."

Mgeni akasema anakwenda kuiangalia pikipiki yake barabarani. Hakurudi. Nyamizi akapeleka habari kwa mjumbe wa mtaa, kisha akamwita Kabula, akamuuliza ni nani mwingine aliyemwambia habari za Malkia.

"Labda ni baba yake Tumaini," mtoto alisema, naye haelewi. "Rafiki yangu wa kwenye simu. Yuko darasa la tano kama mimi."

"Umewahi kumwona?"

"Picha tu."

"Na siku zangu za kliniki ulimwambia?"

"Aliuliza tu, Bibi."

Nyamizi akalifungua komeo, akalifunga, akalifungua tena, asijue anamfungia nani nje.

"Kumbe ulishamwitikia karibu zamani," akasema polepole, "mimi nimekaa nalinda geti."

Tangu hapo simu ikakaa sebuleni. Kabula aliishika pale tu Bibi alipokuwa pembeni, na kila aliyetaka urafiki humo alingoja mpaka Bibi aitikie karibu.

"Wenzangu wote wanaachiwa!" Kabula alinuna.

"Wenzako wana bibi zao. Soma hapo, huyu anayebisha ni nani?"

Majirani wakamcheka: mwanamke mwenye geti la chuma, leo analinda kisimu! Nyamizi hakukasirika. Alimsogelea mjukuu wake kwenye mkeka, akawajibu, "Komeo halimjui mgeni wa mtoto."