Mawimbi Yasiyo na Masikio

Wewe unayesoma hapa, umewahi kusifia kitu huku hujui hata kinafanyaje kazi? Usinijibu mimi. Soma kisa hiki kwanza, halafu ukiona kinamhusu mtu fulani mtumie, bila kumwambia kwa nini.

Katika mji mmoja wa baridi kule Rungwe kulikuwa na usharika wenye kwaya yenye jina. Kwaya hiyo ilikuwa imerekodi albamu, na siku hizi albamu haiendi sokoni kimyakimya, lazima izinduliwe. Ziwepo sare mpya, awepo mgeni rasmi, iwepo keki. Safari hii kamati ikataka na tovuti.

Kazi akapewa Atupele, binti wa hapo hapo, aliyerudi nyumbani kutoka chuo kikuu na shahada ya kompyuta ambayo bado hakuna aliyeiulizia. Wakuu wa shule za jirani walikuwa wamesema wazi kwamba watangoja waone kazi ya kanisani kabla ya kumpa za kwao. Kwa hiyo kwa Atupele ule haukuwa ukurasa wa kwaya tu. Ukifana, ana kazi mjini kwao. Ukichekwa, arudi stendi na begi lake.

Mwalimu wa kwaya, Mwalimu Anyelwisye, alieleza alichotaka kwa mikono zaidi kuliko maneno. Kwaya ikiimba, kwenye ukurasa yaonekane mawimbi. Sauti ikipanda, yapande. Ikishuka, yashuke. Waumini walioko mbali wafungue simu zao, waone jinsi watu wa nyumbani wanavyoimba.

Atupele alifanya kama alivyoambiwa. Alivuta waya kutoka kwenye maiki za waimbaji hadi kwenye kompyuta yake, akaandika programu inayosikiliza sauti ya aliye karibu na maiki tu, si ya spika, na kuigeuza kuwa michoro ya rangi. Nyumbani aliijaribu kwa kuimba mwenyewe, na yeye si mwimbaji. Mawimbi yalimfuata hata pale alipokosea.

Alhamisi yakawa mazoezi ya mwisho. Muziki ukafunguliwa, kanisa likajaa sauti, waimbaji wakapiga hatua kushoto na kulia, mikono juu. Kwenye kompyuta, mawimbi yalikuwa yamelala kama shuka lililopigwa pasi.

Atupele akakagua programu, akaikagua upya. Akaenda mbele, akakohoa kwenye maiki. Mawimbi yakaruka. Akapiga makofi hapo hapo. Yakaruka tena. Basi akasimama kando ya safu ya besi, karibu kabisa, akasikiliza. Alichosikia ni viatu. Midomo ilikuwa ikifunguka kwa wakati wake, mishipa ya shingo imesimama, jasho la kweli linatiririka, ila sauti zote zilitoka kwenye flashi iliyochomekwa kwenye mitambo.

Akamvuta Mwalimu pembeni, akamweleza kwa adabu. Mwalimu hakushtuka. Alisema kwaya nyingi zinafanya hivyo, kwamba wao waliimba wenyewe siku ya kurekodi na hiyo inatosha, kwamba tangu hapo mazoezi yamekuwa ya hatua tu kwa sababu hatua ndizo zinazoonekana, na kwamba mgeni rasmi si mtu wa kufanyiwa majaribio. Atupele akapendekeza basi waya utolewe kwenye maiki, uwekwe kwenye flashi. Mwalimu akauliza itakuwaje mgeni akiufuata waya kwa macho, ukampeleka huko.

"Mwanangu," akamwambia, "wewe kazi yako ni mawimbi. Kuimba tuachie sisi."

Atupele angeweza kukataa. Aliwafikiria wakuu wa shule, akalifikiria begi. Jioni akafuta mistari yote inayosikiliza, akaandika mingine michache inayoiamuru simu ichore mawimbi ya kupanda na kushuka kwa kubahatisha tu, bila kumsikiliza yeyote. Ilikuwa kazi nyepesi kuliko ile ya kweli na, tuseme haki, ilipendeza zaidi.

Jumapili kanisa likafurika. Picha ikarushwa ukutani kwa projekta, na waumini wakaombwa wafungue ukurasa kwenye simu zao, wazime sauti, wabaki na mawimbi. Kwaya ikaingia. Mawimbi yakacheza.

Mchungaji Ambakisye, aliyeketi na mgeni rasmi, alitabasamu muda wote. Mzee mmoja wa baraza, ambaye aliwahi kusoma ng'ambo na hajapata kulisahau hilo, akawafafanulia waliokaa naye kwamba wimbi jekundu ni soprano, kwamba lile la buluu, zito, ni besi, na kwamba mtu mwenye masikio yaliyofunzwa angeona hata pale tenori walipochelewa kidogo. Waliokaa naye wakakubali kwamba ni kweli, tenori wamechelewa. Mkuu wa shule ya sekondari akamwonyesha Atupele dole gumba kutoka upande wa pili.

Kisha, katikati ya kiitikio cha wimbo uliobeba jina la albamu, umeme ukakatika.

Sasa, umeme ukikatika kinanda hunyamaza, spika hunyamaza, na ukuta hubaki mweupe. Hayo kila mtu ameyazoea. Lakini koo la mtu halitumii umeme. Waumini wakangoja wimbo uendelee kwa sauti tupu, kama ambavyo kila ibada ya mji ule ilikuwa imeendelea miaka yote kabla nguzo za umeme hazijafika. Waliona midomo ikienda kidogo, halafu ikafungwa, mmoja mmoja, kuanzia safu ya nyuma.

Aliyesema wa kwanza ni Bibi Subilaga wa benchi la mbele, aliyekuwa ameshika simu ya mjukuu wake.

"Mbona huku kwangu bado wanaimba?"

Watu wakatazama simu zao. Kanisa zima, kwenye viganja, mawimbi yalikuwa yakipanda na kushuka kwa bidii, mekundu na ya buluu, na hakuna hata mtu aliyekuwa akikohoa. Mzee aliyesoma ng'ambo akaifunika yake kwa kitabu cha nyimbo.

Mwalimu Anyelwisye akawahi. Alisema hiyo ni tovuti tu, vitu vya kisasa vina matatizo yake, fundi mwenyewe yupo na ataeleza. Akamgeukia Atupele kwa jicho la kumhimiza.

Na Atupele alikuwa na la kueleza, kwa sababu kila mtu wa kompyuta analo: mtandao unachelewa. Sauti inatoka hapa, inazunguka huko duniani, inafika kwenye simu baadaye, ndiyo maana mawimbi bado yanacheza. Wangemwamini wote, pamoja na yule mkuu wa shule. Watu hupokea maelezo yoyote yanayoanza na mtandao. Kwaya ingesalimika, naye angesalimika pamoja nayo.

Mchungaji akamwuliza, bila ukali, mawimbi yale yanamsikiliza nani.

Atupele akasimama. Alimtazama kwanza mkuu wa shule, ambaye dole gumba lake lilikuwa limesharudi mfukoni.

"Hayamsikilizi mtu, Baba Mchungaji. Hayana masikio. Nimeyatoa mwenyewe, Alhamisi."

"Uliyatoa kwa nini?"

Hapo Atupele akaigeukia kwaya. Kosa lake alikuwa amekwisha kulisema, na lililobaki lilikuwa la wengine. Mwalimu akaanza kupanga upya karatasi za nyimbo ambazo hakuna aliyekuwa akizisoma. Katika kwaya kila mtu aliona afadhali atazame viatu vyake, ambavyo vilikuwa vipya.

Katika safu ya pili alikuwapo mama mmoja wa alto, Mama Tumpe, mwimbaji wa siku nyingi kuliko wote. Bado alikuwa ameshika maiki iliyozimika. Akaishusha. Aliposema, ikawa ndiyo mara ya kwanza kwa kwaya kusikika siku ile, na sauti ilifika hadi mlangoni bila shida yoyote.

"Aliyatoa kwa sababu yalitusikiliza yakakuta hatuimbi. Mimi hapa nafungua mdomo tu, Baba Mchungaji. Tangu turekodi, nafungua mdomo tu."

Funzo: Kipimo kikikuonyesha kwamba hapana kitu, usikifundishe kusema kipo.