Kwa Nini Mnana Huning'inia Mlangoni Pake

Enzi nyoka alipokuwa bado hajui kupanda mti, mnana, yule ndege mfumaji, alijenga kiota chake wazi kama bakuli, juu ya tawi nene, na mayai yakakaa humo yakipigwa jua. Hakuna aliyekiona kibaya. Kila mwaka mvua zilipoanza, vijana wa kiume wa ukoo huo walikusanyika kwenye mgunga mkubwa kando ya mto, na Mwalimu Kingazi akawafundisha kufuma bakuli hilo. Alipima kazi zao kwa bakuli lake mwenyewe. Lililofanana nalo lilifaulu. Lisilofanana alilirarua kwa mdomo, nyasi zikaanguka mtoni, na aliyelifuma akangoja mwaka mwingine.

Kingazi hakuwa mbaya. Alikuwa fundi kwelikweli, na alijivunia kwamba tangu aanze kufundisha hakuna mwanafunzi wake aliyefaulu kwa kufuma tofauti na mwenzake.

Kisha nyoka akajua kupanda. Alianza na matawi ya chini, akala mayai ya majirani, na siku ya tatu akala mayai ya Bi Namkunda, mke wa Mwalimu. Kingazi akafuma bakuli jipya, zuri kuliko la kwanza, kwenye tawi la juu zaidi. Bi Namkunda akataga tena, nyoka akala tena.

Wiki hiyohiyo mwanafunzi mmoja, Mhina, aliita darasa lije kuona kazi yake. Alikuwa ameining'iniza kwenye ncha ya kijiti chembamba juu ya maji, imefunikwa kote, mlango ukitazama chini.

"Hiki nacho ni nini?" Kingazi aliuliza.

"Kiota, Mwalimu."

"Mlango chini? Mayai si yatamwagika yote!"

"Ndani nimeweka kizingiti cha kuyazuia, Mwalimu. Ingia uone."

Kingazi hakuingia. Kusema kweli aliogopa, na alichoogopa ni kukuta kizingiti kipo. Akakirarua kiota mbele ya darasa zima, akampa Mhina sifuri, akarudi nyumbani moyo mzito.

Huko alimkuta mkewe amekaa kwenye tawi, kando ya bakuli la tatu alilofumiwa asubuhi. Mvua zilibaki chache. Asipotaga sasa, mwaka huo wasingepata mtoto hata mmoja.

"Humu sitagi," alisema Bi Namkunda.

"Mke wangu, hiki ndicho kiota bora mti mzima. Nimekipima mwenyewe."

"Miaka yote unapima wewe, mume wangu, na anayelala humo ni mimi. Umewahi kuniuliza?"

Kingazi aliona aibu. Kulipokucha alishuka hadi kwa Mhina, akasimama nyuma ya wanafunzi wake mwenyewe waliokusanyika hapo, akaomba afundishwe. Vijana walicheka mpaka nusura waanguke mtoni. Mhina hakucheka, alimsogezea unyasi wa kwanza.

Kiota cha kwanza cha Mwalimu kilikuwa kituko. Bi Namkunda aliingia, akavutavuta nyasi, akatoka. "Kinayumba. Rudia." Kingazi akakirarua mwenyewe, kwa mdomo uleule uliorarua cha Mhina, na safari hii aliujua uchungu wake. Cha pili nacho kilikataliwa. Cha tatu, mkewe alipoingia, Kingazi alibaki ananing'inia chini ya mlango akipigapiga mabawa kwa wasiwasi. Alingoja sana. Bi Namkunda hakutoka.

Nyoka alikuja siku mbili baadaye. Alifika hadi ncha ya kijiti, kijiti kikainama, naye akatumbukia majini. Mwaka huo mgunga mzima ulipata makinda wawili tu, wote wa nyumba ya Mwalimu.

Na tangu siku hiyo mnana huning'iniza kiota chake juu ya maji, mlango chini. Vijana huachwa wafume vya ovyo visivyolaliwa na yeyote, na hakuna mkubwa anayevirarua. Anayesahihisha ni jike. Akikikataa kiota, dume hukivunja mwenyewe akaanza upya. Kwa hiyo ukipita mtoni ukamwona mnana ananing'inia mlangoni pake akipigapiga mabawa, usidhani anacheza. Yumo kwenye mtihani, na aliye ndani anapima kama mayai yake yatapona.