Leo Tunamuenzi

Ndugu zangu, kulikuwa na mbunge mmoja aliyewatumikia watu wake miaka thelathini, akafariki. Siku ya arobaini yake jimbo zima lilijaa kwenye ukumbi wa ofisi yake. Kwaya tatu, ngoma, fulana zenye picha yake. Watu waliimba mpaka mabati yakatetemeka. Mlangoni palibandikwa karatasi: "Leo hakuna huduma. Tunamuenzi Mheshimiwa."

Saa nane mchana akaja mama mmoja na fomu ya binti yake ya kusomea uuguzi. Ilibaki muhuri wa ofisi ya mbunge tu, na mwisho wa kuipokea chuoni ulikuwa saa kumi siku hiyo hiyo.

"Njoo Jumatatu, mama," katibu wa mbunge akamwambia.

"Jumatatu nafasi itakuwa ya mwingine, baba."

"Mama yangu, hata siku ya Mheshimiwa huoni haya?"

Mshereheshaji alikuwa anatafuta mwananchi wa kutoa ushuhuda. Akamwona, akamshika mkono, akampandisha jukwaani. "Huyu hapa! Mama, waambie, Mheshimiwa alikufanyia nini?" Vigelegele!

Mama akashika kipaza sauti. "Alinigongea muhuri."

Watu wakacheka.

"Ilikuwa fomu ya kaka yake binti yangu mwenye fomu hii. Nilimkuta Mheshimiwa anakula ugali. Akanawa mkono, akagonga, akarudi kwenye sahani yake. Leo nimekuta mmefunga, eti mnamuenzi." Akainua fomu juu. "Nauliza tu. Alipokuwa hai, nani alimwona akifunga?"

Mzee mmoja wa nyuma akainua karatasi yake. "Na mimi ya kwangu!" Akainuka wa pili, wa tatu, safu nzima. Mnaona? Nusu ya waliokuwa wakicheza walikuja na shida zao mfukoni, wakaona aibu kuzitoa!

Katibu akakimbia kufungua droo. Akapanda jukwaani na muhuri, fulana imelowa jasho, akaanza kugonga. Pa! Pa! Na kila akigonga watu wanashangilia kama limeingia goli. Mama alitoka mbio. Saa kumi kasoro dakika tano fomu ilipokelewa. Hotuba saba hazikusomwa, na hakuna aliyeziulizia.

Niambieni, sherehe iliharibika pale, au ndipo ilipoanza?

Sasa tuje kwetu. Sisi tumewazika wangapi waliotutumikia? Tumewashonea sare, tumewaimbia, tumeita barabara kwa majina yao. Na ile kazi waliyoiacha, nani kaishika? Mtumishi wa watu akifa, tunasimama dakika moja kwa heshima yake, kisha tunakaa.

Ndugu zangu, kosa letu liko hapo. Tunakaa.