Herufi Moja ya Pimbi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, tembo walipokuwa wakioana na kuachana kama watu, palikuwa na karani wa mahakama aitwaye Pimbi. Mdogo kama kikapu, mwepesi kama kiroboto, na mkia hana.

"Babu, mkia wako uko wapi?" aliuliza Kidawa, mtoto wa tembo, siku ya hukumu. Alikaa peke yake kwenye benchi, mkeka wake umefungwa mgongoni. Wazazi wake walikuwa wameachana mwaka mzima, na kila Ijumaa yeye ndiye aliyehamishwa: kwa baba, kwa mama, kwa baba.

"Nililelewa kwa zamu kama wewe, mjukuu wangu," Pimbi akajibu. "Kila nikihama nasahau kitu. Leo kijiko, kesho mkia. Nimezunguka nchi saba nikiuulizia. Wapi! Kote mgeni tu."

Akacheka. Kidawa hakucheka.

Hakimu Kiboko akaingia, akajitupa kitini, puu! "Sheria inatazama maslahi ya mtoto. Semeni!"

"Kwangu kuna migomba!" akanguruma Baba Kidawa.

"Kwangu kuna mto!" akadakia Mama Kidawa. "Kwako kuna majani makavu na kiburi!"

"Kimya! Mtoto, kwenu ni wapi?"

Kidawa akatazama chini. "Kwa baba ni kwa baba. Kwa mama ni kwa mama. Kwetu... kwetu palikuwa ile nyumba ya mlimani. Siku hizi haina mtu."

Kalamu ya Pimbi ikasimama. Pale ulipokuwa mkia pakamwasha.

Kiboko akapiga mwayo. "Wote mna haki sawa. Karani, andika: 'Baba wiki moja, mama wiki moja. Kila Ijumaa atahama na mkeka.' Upesi, nina njaa."

Pimbi akaandika, chwa-chwa-chwa! Wazazi wakatia nyayo zao, pu! pu!, bila kusoma. Wakubwa na herufi ndogo wapi na wapi? Hakimu akagonga muhuri, gwa!

"Haya, wasomee."

Pimbi akakohoa. "'Baba wiki moja, mama wiki moja. Kila Ijumaa *wa*tahama na mkeka.'"

"Wa... nani?" Kiboko akauliza.

"Wazazi. Kwa zamu. Mtoto atakuwa kwao, mlimani."

"Karani kakosea!" wakapiga kelele wote wawili. Ndiyo mara ya kwanza mwaka ule kukubaliana.

"Huenda," Pimbi akasema taratibu. "Ila Mheshimiwa alisoma kabla ya kugonga muhuri. Au hakusoma?"

Mahakama nzima ikamgeukia Kiboko. Vijisikio vyake vikachezacheza. "Nilisoma! Kila herufi! Imepita!"

Wiki ya kwanza ilipokwisha, Baba Kidawa akatoka kwenye nyumba ya mlimani, mkeka mgongoni. Langoni akakutana na Mama Kidawa akihema na wa kwake.

"Mama Kidawa, hivi mkeka ni mzito namna hii?"

"Mtoto kaubeba mwaka mzima, Baba Kidawa. Wala hatukumuuliza."

Ndani Kidawa akaita, "Mama! Karibu kwetu!"

Pimbi, aliyejibanza nyuma ya jiwe, akalisikia neno lile. Akatabasamu, akarudi mwambani kwake, ambako hapakuwa na wa kumkaribisha.

Wazazi wakiachana, wahame wao. Mtoto abaki kwao.

Hadithi imefika kwao. Nanyi nendeni kwenu.