Kaango Lisiloshika Kitu

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walikuwa na majiko yao, majirani wao na midomo yao, aliishi Kindi aliyeuza chapati za maji pale njia panda ya sokoni. Sogeeni karibu. Wewe unayechokonoa pua, maliza kwanza, kisha usikilize.

Kindi huyu alikuwa mjane, mdogo wa mwili, mkia mkubwa kuliko yeye. Shamba hakuwa nalo, ng'ombe hakuwa naye. Alikuwa na mafiga matatu, kaango moja na maneno mengi. Asubuhi anakoroga unga, anamimina, shaaa, anageuza, anauza. Ndivyo alivyoishi.

Sasa kaango la bati lina mwisho wake. La Kindi lilianza kwa kuchoka, likaja kutoboka. Fundi akaliziba, likatoboka pembeni ya kiraka. Akaziba na hapo. Siku moja rojo lote la chapati likapita katikati, likauzima moto. Pyuu.

Kiboko, mwenyekiti wa soko, akatokea, tumbo likitangulia.

"Kindi, mbona jiko lako limepoa?"

"Kaango limenifia, Mwenyekiti."

"Pole. Lakini sheria unaijua. Mahali pasipofuka moshi siku ya gulio nampa mwingine. Nungunungu ameshaniomba, anataka kuuzia mihogo hapo."

"Gulio si ni kesho, Mwenyekiti?"

"Ndiyo maana nimekuambia leo."

Kiboko hakuwa mbaya. Alikuwa mwenyekiti tu, na mtu akikalia kiti muda mrefu, makalio humpanda kichwani.

Kindi akarudi nyumbani kuitazama akiba yake. Debe moja la karanga, basi. Hizo ndizo za kumvusha kiangazi. Akizitoa apate kaango, na kaango lenyewe likawa bovu, basi kaango hana, karanga hana, na mahali pake sokoni anauza mihogo Nungunungu.

Akaona heri aulize kwanza. Jirani yake Bi Ngiri alikuwa amenunua kaango jipya kwa Fisi mwenye duka, na mtaa mzima ulikuwa umetangaziwa, mpaka vyura.

"Hodi, jirani."

"Karibu, shoga. Kama umefuata kuazima kaango, azima. Ila hili mayai yanaingia, hayatoki."

Kindi akachungulia. Yai lilikuwa limegandamana na chini kama kupe na ng'ombe.

"Si Fisi alisema halishiki?"

"Siku ya kwanza halikushika. Yai lilikuwa linateleza mpaka nalifukuza na kijiko. Nikalipenda kaango langu. Nikaliosha."

"Uliliosha na nini?"

"Mchanga, majivu na gunzi la mahindi. Mimi nimelelewa, Kindi. Lilikuwa jeusi ndani, jeusi tititi. Nikasema, wakija wakwe zangu wakaona chombo cheusi namna hii, watasema mtoto wao kaoa mchafu. Nikayasugua yale masizi, kwaru kwaru kwaru, mpaka nikajiona uso."

Kindi akauma mkia wake asicheke.

"Bi Ngiri, yale hayakuwa masizi."

"Yalikuwa nini?"

"Yalikuwa ndiyo kaango."

Bi Ngiri akalitazama kaango lake. Nyinyi msimcheke. Zamani hizo mwanamke alipimwa kwa mng'aro wa sufuria zake. Za mama zenu nimeziona, sisemi kitu.

"Nilimrudishia," Bi Ngiri akasema polepole. "Nilimpa viazi vyangu vyote vya msimu, Kindi. Akanicheka mbele ya watu. Akasema mwenye pua kama yangu akafukue mizizi, vyombo vya kisasa aachie wenyewe."

"Alipokuuzia alikwambia usisugue?"

"Hakuniambia kitu zaidi ya bei."

Kindi akakuna sikio. "Kesho njoo nami sokoni. Na ubebe gunzi lako."

"La nini?"

"Wewe beba."

Kindi hana adabu ya kupita chini kama wengine. Akarudi kwao kwa kuruka mapaa, na alipofika paa la Fisi pua yake ikamsimamisha. Harufu ya mifupa ya kukaanga. Akachungulia uani. Fisi amechuchumaa jikoni mwake, anapika chakula cha mchana. Dukani mwake makaango mapya yamepangwa mpaka darini, lakini yeye anakaangia zee moja jeusi, la chuma, zito, mkono umepinda. Anachokoa humo kwa upawa wa chuma, kwang, kwang, wala kaango halina habari. Akaliinamisha, mifupa yote ikateleza ikaingia kwenye sahani, porororo, haikubaki hata chembe. Kisha akalipangusa kwa kitambaa, bila maji, akalitundika dukani nyuma ya mlango, mahali mteja haoni.

"Kumbe," Kindi akajisemea, akaruka akaenda zake.

Kulipokucha, gulio likajaa. Fisi amesimama mlangoni, kaango mkononi, linang'aa weusi wake, na maua yamechorwa chini.

"Halishiki, mama zangu. Chakula hakishiki, uji haushiki, gundi lenyewe litashindwa. Mwepesi kushika nafuu, mzito kushika majuto."

Kindi akatua debe lake. Tii.

"Bwana Fisi, shikamoo."

"Marahaba, Kindi. Umekuja kununua au kuning'inia?"

"Kununua. Hii ndiyo mali yangu yote, kwa hiyo usinione nauliza sana." Akachukua lile kaango, akaligonga kwa kidole, kama tunavyogonga chungu kabla ya kukinunua. Te, te. "Mbona linalia kama kopo? Chungu kizima hulia ngooo."

"Hicho chungu. Hili ni kaango la kisasa, halina haja ya kulia."

"Jepesi pia."

"Wewe mwenyewe mwepesi, na unaishi."

Watu wakacheka. Fisi akafurahi, na Fisi akifurahi hujiongeza. Akapandisha sauti: "Haya, sikilizeni soko zima. Kaango hili likimshikia huyu chakula, achukue chochote kilichomo dukani mwangu, na debe lake arudi nalo."

"Chochote?"

"Chochote."

Kindi akageuka. "Mwenyekiti Kiboko, umesikia?"

"Masikio yangu madogo," Kiboko akasema, "lakini yamesikia."

"Vizuri. Nimekuja na unga wangu. Ila, Bwana Fisi, chombo kipya hakipikiwi bila kuoshwa. Hili limeshikwa na gulio zima, na wewe pia umelishika, na mkono wako tunajua huwa unashika nini."

Wanawake wakaitikia, "Lioshwe, lioshwe."

Fisi akaliona gunzi la Bi Ngiri. Akiwaambia walioshe taratibu, Bi Ngiri yuko pale mbele anamtazama. Atauliza, mbona mimi hukuniambia? 

"Au lina mwiko wake?" Kindi akauliza kwa upole. "Sema tu. Kila kitu kina mwiko. Hata mimi nina mwiko, sili bila kunawa."

"Halina mwiko," Fisi akasema. "Kaango langu ni dume."

"Bi Ngiri, tusaidie."

Basi Bi Ngiri akapiga magoti kwenye mchanga. Jamani, mama yule alisugua. Alisugua viazi vyake vya msimu, akasugua pua yake iliyochekwa, akawasugua na wakwe. Kwaru kwaru kwaru, gunzi likaisha, akachukua jingine. Maji yakatoka meusi kama wino. Alipoinua kaango juani, lilikuwa jeupe pe.

"Limetakata," akasema Bi Ngiri, akashusha pumzi.

Kindi akawasha moto, akakoroga, akamimina. Shaaa. Wakangoja. Akaingiza kijiko pembeni, chapati haikutikisika. Akasukuma, chapati ikachanika. Akaligeuza kaango zima juu chini, akalitikisa juu ya kichwa cha Fisi, na chapati ikabaki hukohuko juu, imeng'ang'ania kama popo.

"Bwana Fisi, naona limeshika."

"Mmeliharibu," Fisi akafoka. "Nani kawaambia mlisugue hivyo?"

"Na nani katuambia tusilisugue? Tumekuuliza mwiko, umesema halina. Ulisema halishiki. Hukusema haliogi."

Soko likaangua kicheko. Kiboko mwenyewe tumbo likatikisika, akajikaza kwa sababu ya cheo.

"Fisi, neno lako?"

Fisi akakuna shingo. Akapiga hesabu ya kifisi: mjane mdogo huyu atachukua lile kubwa lenye kifuniko cha kioo, nalo ni ndugu ya hili. "Neno langu ni hilohilo," akasema. "Ingia uchague. Chukua hata lile kubwa."

Kindi akaingia. Akalipita lenye kifuniko. Akayapita yenye maua, na yenye mkono mwekundu. Akaufunga mlango nusu, akanyoosha mikono yote miwili, akatoka akiliburuta lile zee jeusi. Grrr, grrr, likichora mstari kwenye vumbi.

Fisi akaruka.

"Hilo siyo la kuuza."

"Sikusema nanunua. Umesema chochote kilichomo dukani."

"Hilo langu mimi. Nalitumia tangu nikiwa kapera."

"Ndiyo maana nimelipenda. Limeishi na wewe miaka yote hiyo na bado zima."

"Na mimi nitakaangia nini mifupa yangu?"

Kindi akatazama dukani, safu kwa safu, mpaka darini.

"Bwana Fisi, umekosa kaango? Chukua jipya. Chukua hata mawili. Si hayashiki?"

Hapo watu walicheka mpaka mbuzi wakakata kamba. Fisi akawatazama, akayatazama makaango yake, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akakosa la kucheka.

Kindi akaligonga zee lile kwa kidole. Ngooo. Kisha akafungua debe lake, akamimina nusu ya karanga kwenye kapu la Fisi.

"Mimi si mwizi. Chombo cha kweli nakilipia. Ila, Mwenyekiti, kuna mama hapa alitoa viazi vya msimu akapewa rangi."

Kiboko akamtazama Fisi.  Kiboko akikutazama vile, huna haja ya kuambiwa. Fisi akalisukuma kapu kwa mguu mpaka likafika mbele ya Bi Ngiri.

"Chukua. Na ile habari ya pua," akasema bila kumtazama, "niliisema nikiwa na njaa."

"Wewe una njaa kila siku," Bi Ngiri akasema, lakini kapu akalichukua.

Kindi akakimbilia njia panda. Nungunungu ameshatandika jamvi, mihogo ameipanga.

"Inua," Kindi akamwambia. "Moshi unakuja."

"Mwenyekiti alisema..."

"Mwenyekiti yuko nyuma yangu anahema. Muulize."

Akapanga mafiga vizuri, akachochea kuni. Akageuka kuchukua kaango, halipo. Bi Ngiri alikuwa ameshaliona lile jeusi lote, moyo wa kusaidia ukamshika. Amelipakata, mchanga kwenye kiganja kimoja, gunzi kwenye kingine.

"Weka chini!" Kindi akapiga kelele ambayo haijapata kusikika njia panda ile.

Bi Ngiri akabaki na gunzi hewani. "Si chafu hili, shoga? Tazama lilivyo."

"Pitisha kidole."

Bi Ngiri akapitisha. Kidole kikatoka kisafi, kinang'aa mafuta kidogo.

"Masizi yangekuchafua. Rangi ya Fisi ingebanduka. Weusi huu umelipiwa kwa moto na mafuta, siku baada ya siku. Huu si uchafu, jirani, ni umri."

"Kwa hiyo silisugui?"

"Unalipangusa. Mtu mzima haogeshwi kama mtoto."

Bi Ngiri akatupa mchanga. Kindi akapaka tone la mafuta kwa kitambaa, akangoja chuma kikolee, akamimina. Shaaa. Moshi ukapanda. Akatikisa mkono ule uliopinda, na chapati ikazunguka yenyewe, sheree, kama bibi harusi. Akairusha, ikageuka, akaidaka, akaiweka kwenye sahani. Kaango likabaki kama halijapikiwa kitu.

Kiboko akaila hiyo ya kwanza, akailamba na sahani. Nungunungu akakunja jamvi lake, akasogea hatua mbili pembeni na mihogo yake, maana mihogo na chapati vinakaa pamoja, havijagombana. Na asubuhi ya pili yake, wa kwanza kufika njia panda alikuwa nani? Fisi. Ameshika mifupa yake kwenye jani.

"Kindi," akasema kwa sauti ndogo, "makaango yangu yote yameshika. Nikaangie tafadhali."

"Lete," Kindi akasema. "Na upawa wako kaa nao mbali."

Hadithi yangu imeiva, nimeshaepua: ukitaka chombo cha kudumu, usisikilize anachokisifu mwenye duka, chungulia anachopikia kwake.