Wimbo wa Randa

Wapo wanaoamini kwamba sifa hupatikana ugenini tu, na kwamba jirani aliyekuona ukikimbizana na kuku hawezi kukuona msanii. Waache waamini. Methali isemayo mcheza kwao hutuzwa ina maana kwamba anayeonyesha ustadi wake mbele ya watu wake hapati hasara, kwani hao ndio wamjuao, na ndio watakaomdaka akiteleza. Asiyesadiki na asikie habari za fundi huyu.

Alikuwa seremala, tena wa majeneza. Karakana yake ilipakana na kanisa, na mtaa mzima ulimwita Safari ya Mwisho, jina lililomchekesha kila mtu isipokuwa mwenyewe. Walimheshimu, lakini kwa mbali. Akiingia dukani kununua sabuni, mazungumzo yalikatika ghafla kama aliyeingia ni daktari mwenye majibu mabaya. Kwa hiyo gitaa lake alilipeleka mbali. Kila Ijumaa, kwa miaka sita, alipanda basi mwendo wa saa tatu hadi hoteli moja ambako hakuna aliyejua kazi yake, akawaimbia wageni nyimbo za kigeni huku wao wakitafuna na kupiga soga. Siku moja meneja akamwambia kwamba wamenunua spika mpya, basi asijisumbue kuja tena. Hivyo tu! Hata ahsante hakupewa.

Alirudi nyumbani ameinama.

"Gitaa nauza," alimwambia mkewe. "Mpiga ngoma wa kule hotelini atakuja kulichukua Jumapili."

"Utabaki na nini?"

"Na misumari."

Mkewe hakuwa mtu wa kumeza maneno, wala wa kukaa akayatazama mambo yakiharibika. Wiki hiyo kanisa lilikuwa limetangaza kwamba Jumamosi alasiri litafungua milango kwa wasanii wa mtaa, waumini kwa wasio waumini, bila kiingilio. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa kwaya akamwandikisha mumewe bila kumwuliza.

"Umenifanyia nini, mama watoto?" fundi alifoka. "Nani atampigia makofi mtengeneza majeneza? Si watadhani nimekuja kuwapima!"

"Imba mara moja tu. Ukishindwa, gitaa nitalifunga kamba mwenyewe, na sitalitaja tena maisha."

Wakakubaliana hivyo.

Jumamosi kanisa lilifurika pomoni. Muuza samaki alighani shairi la kuisifu mizani yake mpaka watu wakashika mbavu. Kisha mwalimu wa kwaya akamwita fundi, na kicheko kikafa papo hapo. Fundi alikaa kitini, akaanza wimbo wa kigeni wa mapenzi, ule uliopendwa hotelini. Sauti ilitoka safi lakini baridi. Kina mama walitazama mikono yao. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, huyu anasema nini?" Kufika ubeti wa pili, maneno yote yakamtoka kichwani. Alijaribu tena, akakwama palepale. Alisimama, gitaa mkononi, macho mlangoni, akajiambia kwamba yamekwisha.

"Fundi!" Sauti ilitoka benchi la nyuma. Alikuwa mjane wa muuza mkaa, aliyemzika mumewe mwaka uliopita. "Hayo ya huko yaache huko. Tuimbie ule wa randa."

"Wa randa?" Fundi aliduwaa.

"Ule unaouimba ukipiga randa. Si tunakusikia kila siku!"

"Mimi nataka wa msasa," mshona viatu alidakia. "Wa msumeno una haraka mno."

Watu wakaangua kicheko. Masikini fundi! Hakujua hata kwamba huimba kazini. Kwake ulikuwa mdomo tu ukifuata mikono. Mjane hakumngoja, akaanza mwenyewe kwa sauti ya kukwaruza: "Lainika, ubao, lainika, atakayelala kwako amechoka." Benchi la mbele likaitikia, kisha la kulia, mpaka kanisa zima likawa linaimba. Walijua kila neno. Hata pale fundi alipozoea kukohoa vumbi la mbao, walikohoa wote kwa pamoja! Fundi akarudi kitini, akazitafuta nyuzi, akawafuata. Alilia huku akipiga, na hakuona haya.

Makofi yalipotulia, mjane alimjia.

"Siku ulipotengeneza jeneza la baba watoto, nilikuwa nimekaa nje ya karakana yako," alisema. "Nilikusikia ukiimba. Nikajua anatandikiwa na mtu mwenye huruma. Sikuwahi kukushukuru, fundi."

Fundi alimshika mikono yote miwili, na watu wakaja kumzunguka, mmoja baada ya mwingine, karibu kabisa, wakimpa mkono na kumwuliza ataimba tena lini.

Jumapili mpiga ngoma alipobisha hodi, mke wa fundi ndiye aliyefungua.

"Umechelewa, shemeji," alimwambia akicheka. "Hilo gitaa sasa lina wenyewe, mtaa mzima."

Ndani, fundi alikuwa akiufanyia mazoezi wimbo wa msasa. Miaka sita ugenini hakupata hata ahsante. Kwao, alasiri moja tu, aliimbiwa wimbo wake mwenyewe. Ama kweli, mcheza kwao hutuzwa.